Kihispania na Kompyuta: Tuisome Karatasi Kabla ya Kutia Saini



Familia nyingi za Kiislamu zilizotoka Afrika Mashariki na Kongo hivi sasa zinalea watoto Marekani, katika miji kama Columbus na Minneapolis. Swali linalotufikia kutoka kwao, au kwa jamaa zao, ni hili: shule ya sekondari imemtaka mtoto achague masomo ya mwakani. Je, aendelee na Kihispania hadi ngazi ya juu, au achukue utangulizi wa sayansi ya kompyuta? Baba asema kompyuta ndiyo riziki. Mama auliza Kihispania kitamfaa nini mtoto ambaye Kiswahili chenyewe kinaanza kumponyoka. Swali hili lina uzito, kwani saini ya mzazi yaweza kufungua mlango au kuufunga.

Kwanza tuufahamu utaratibu. Sekondari ya juu ya huko huchukua miaka 4, tangu darasa la 9 hadi la 12. Yapo masomo ya lazima na ya hiari. Na juu ya masomo ya kawaida yapo yaitwayo AP, yanayosimamiwa na taasisi ya College Board, yenye kiwango cha mwanzo wa chuo kikuu. Mitihani yake hufanyika mwezi Mei, na alama ni 1 hadi 5. Vyuo vingi humhesabia aliyepata 3 au zaidi kuwa amekwisha kulisoma somo hilo, ingawa vingine hutaka 4 au 5. Hapo familia huweza kuokoa ada na muda. Mtihani mmoja hugharimu takriban dola 100, nayo familia yenye kipato kidogo hupunguziwa. Mzazi asione haya kuuliza.

Sasa tutazame tofauti ya masomo haya mawili. Lugha ni ngazi: anayetaka kufika Kihispania cha AP hupanda kwanza madarasa ya chini yake, mwaka baada ya mwaka. Akiruka mwaka mmoja, ni taabu kurudi. Utangulizi wa kompyuta uitwao Computer Science Principles, ulioanza kufundishwa mwaka 2016, haumtaki mwanafunzi awe amewahi kuandika programu. Aljebra ya mwanzo humtosha. Kwa hiyo aliyekwisha kupanda ngazi tatu za Kihispania asiteremke kwa sababu ya kompyuta, ikiwa kompyuta itamngoja mwaka ujao. Na aliye darasa la 12 ambaye hajaanza lugha hiyo, basi kompyuta ndiyo iliyo karibu naye. Nafasi ikiwepo kwa yote mawili, ayachukue. Ila tuhesabu pia saa za madrasa, za kazi za nyumbani na za usingizi.

Wale wanaokidharau Kihispania tunawakumbusha kwamba zaidi ya watu milioni 40 nchini Marekani huzungumza lugha hiyo majumbani mwao. Muuguzi, mwalimu au mwanasheria anayeijua hatafutiwi mkalimani. Wala si lugha ya kigeni kwetu kama tudhanivyo. Sisi husema fulani, wao husema fulano. Sisi hata, wao hasta. Sisi sukari, wao azúcar. Sisi zaituni, wao aceituna. Maneno haya yote yametoka katika Kiarabu, kwa kuwa Waislamu walikaa Andalusia karne nyingi. Mtoto wa Kiswahili anapoingia darasa hilo, anakutana na jamaa asiowajua.

Na ajabu ni kwamba kompyuta nayo inapita njia hiyo hiyo. Neno algorithimu, yaani mpangilio wa hatua za kutatua tatizo, limetokana na jina la al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9. Kitabu chake cha aljebra kilifasiriwa kwa Kilatini na Robert wa Chester mjini Segovia, Hispania, mwaka 1145. Basi haifai kuyagombanisha masomo haya mawili mbele ya watoto wetu kana kwamba moja ni la wenye akili na jingine ni la waliokosa.

Yabaki mambo mawili. La kwanza ni binti zetu. Katika madarasa ya kompyuta ya Marekani wasichana wangali wachache kuliko wavulana. Tusiwe sisi wa kuipunguza idadi hiyo kwa kudhani kwamba kompyuta ni ya kaka yake. La pili ni Kiswahili. Mwaka 2011 jimbo la California liliweka kwa sheria muhuri wa kutambua umahiri wa lugha mbili katika cheti cha sekondari, na majimbo mengine yakafuata. Muhuri huo si wa Kihispania peke yake. Mzazi aulize shuleni kama Kiswahili cha mtoto wake chaweza kupimwa. Lugha ya nyumbani nayo ni elimu, na anayeishika imara huipokea ya tatu kwa wepesi.

Nasaha yetu ya mwisho ni kwa mzazi ambaye Kiingereza hakimwendei vizuri. Karatasi ya masomo isitiwe saini jikoni kwa haraka. Aombe kuonana na mshauri wa wanafunzi, na aombe shule imtafutie mkalimani. Asimfanye mtoto kuwa mkalimani katika shauri linalomhusu mtoto mwenyewe, kwani hakimu na mshitakiwa hawawi mtu mmoja. Aulize maswali matatu: somo hili linamfikisha wapi, linamfungia lipi, na je, mwakani litakuwepo?

Wabillahi tawfiq.