Gendabi Si Tope Tu: Mastaa, Rudini Safari Hii Mkiwa Wageni

Simtaji mtu leo, kwa hiyo mawakili wapumzike. Ila mnawajua. Ni wale mastaa wetu ambao kila likizo lazima tuwaone Dubai, Zanzibar, au kwenye hekalu fulani la India lenye miaka mia kadhaa. Pale hekaluni wanakuwa wapole kweli: viatu nje, mabega yamefunikwa, picha hawapigi mpaka waulize kama inaruhusiwa. Sisi huku tunajaza mioyo: "Safi sana dada, kula bata."

Sina wivu, hela ni zao. Kinachonikera ni kwamba watu haohao ukiwauliza Hanang kuna nini, jibu ni moja: "Si kule kulikoshuka tope?"

Ndiyo, ni kule. Alfajiri ya Jumapili, 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope likateremka na mawe na magogo mpaka Katesh, Gendabi na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa. Wiki ile kurasa zote kubwa za mjini zilijaa Hanang. Wapo waliotoa magodoro, unga na hela, na Mungu awabariki, maana msaada ulihitajika kweli. Wapo pia ambao kamera ilishuka kwenye gari kabla ya mchele. Tuliona, tukanyamaza, msibani watu hawagombani. Mwezi haujaisha, stori ikahamia kwenye ndoa ya nani imevunjika.

Maoni yangu ni haya: mahali pakijulikana kwa msiba peke yake, watu wake wanaendelea kuulipia. Mwenye gesti Katesh halipwi kwa huruma yako. Analipwa kwa chumba kilicholaliwa. Mama ntilie naye analipwa kwa sahani, hana kazi na emoji ya kulia.

Na vya kuona vipo. Mlima wenyewe una zaidi ya mita 3,400, na ukiacha Kilimanjaro na Meru, nchi hii ina michache sana ya kuushinda. Wengi huupanda kutokea Jorodom, pale pale Katesh. Wenye pumzi wanamaliza kwa siku moja, sisi tuliozoea lifti tupange mbili. Ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya TFS, kwa hiyo pitia ofisini kwao, chukua mwongozaji, uliza njia ipi iko salama kwa sasa, na masika usijaribu. Ukiwa juu unaliona Ziwa Balangida, la chumvi, limelala chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Upande wa magharibi kuna Ziwa Basotu, maji baridi, na viboko wamo.

Halafu kuna watu. Siku ya mnada wa Katesh utakutana na Wabarbaig, Wairaqw, Wanyaturu na Warangi sehemu moja. Kina mama wa Kibarbaig na mavazi yao ya ngozi na bangili za shaba, hapo mbunifu wa mavazi wa mjini anatakiwa akae chini ajifunze. Na tafadhali, usiwaite Wamang'ati. Jina hilo walipewa na Wamaasai, na maana yake ni adui. Hata wewe usingependa kukaribishwa mtu akuite hivyo.

Sasa hapa ndipo nataka tusikilizane. Wabarbaig wana makaburi yanaitwa bung'eda. Akifa mzee mwenye heshima, kaburi lake linainuliwa kwa udongo likawa kilima, na shughuli zake zinachukua miezi. Watu wanarudi pale kuomba. Kwa Mbarbaig, pale ndipo hekaluni.

Miaka ya 1970 yalikuja mashamba makubwa ya ngano upande wa Basotu, kwa msaada wa Kanada, karibu ekari laki moja. Matrekta yakapita juu ya baadhi ya makaburi hayo. Mwenye trekta aliona udongo ulioinuka, mwenye baba yake pale akaona kaburi linalimwa.

Ndiyo maana naogopa trekta la pili, hili la simu na droni. Staa anayevua viatu India bila kuambiwa mara mbili, sitaki kumwona amepanda juu ya bung'eda ili mlima utokee vizuri nyuma yake. Huku hakuna kibao cha "vua viatu". Kuna mzee. Msalimie, uliza, tembea na kijana wa pale anayejua pa kukanyaga. Ukitaka kumpiga mtu picha, mwombe na mwelewane mapema kuhusu malipo. Ukiambiwa hapana, ni hapana.

Na Gendabi penyewe, usiende kutafuta mabaki ya nyumba ya mtu upate kontenti. Kuna waliozika familia pale. Nenda ule, ununue, upige stori za kawaida. Mwenyeji akitaka kukusimulia siku ile, sikiliza, simu iwe mfukoni.

Najua kuna watakaosema: ukiwaita mastaa utapaharibu, bora pabaki kimya. Nimeliwaza hilo. Lakini Basotu palikuwa kimya pia, na ukimya haukuyazuia matrekta. Nadhani mahali penye wageni wanaojulikana na waongozaji wanaolipwa pana watu wengi zaidi wa kusema "hapa hapaguswi".

Kufika si kazi. Kwa wa Dar, panda SGR mpaka Dodoma, kisha basi la Babati kupitia Kondoa. Njiani shuka Kolo uone michoro ya mapangoni iliyoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Hata pale, kwenye pango la Mongomi, watu bado wanafanya matambiko, kwa hiyo adabu ianzie huko. Babati mpaka Katesh ni lami. Wa Arusha, basi lolote la Singida linalopita Babati litakushusha.

Kwa hiyo wewe staa, unajijua, Desemba ile ulikuja na gari tatu na mpiga picha. Rudi na raba, sweta maana usiku kuna baridi, na hela ndogondogo za kununulia vitu. Lala siku mbili. Lipa bili yako kama mgeni mwingine yeyote. Ukiposti, andika jina la kijiji vizuri: Gendabi.

Na nyie wadau, nani ameshafika Hanang bila kuitwa na msiba? Tuambieni mlikula wapi.