Mtoto Mmempima, Mama Je?

Mzazi wa wiki sita amekaa kwenye benchi la kliniki, viatu kavivua kwa sababu miguu haiingii tena. Mtoto keshatundikwa kwenye mizani, kilo zimeandikwa kwenye kadi, chanjo kapata. Mama anakohoa. Anasema usiku akilala chali anakabwa pumzi, hukesha ameegemea ukuta. Anajibiwa: "Ndiyo uzazi, mama. Utazoea."

Hatazoea! Huo ni moyo unaoshindwa kusukuma damu, maji yanajaa kwenye mapafu, na mama wa watu anazama nchi kavu mbele ya macho yetu.

Ugonjwa huu huanza mwezi wa mwisho wa ujauzito au ndani ya miezi mitano baada ya kujifungua, hata kwa mwanamke ambaye moyo haukuwahi kumsumbua. Kaskazini mwa Nigeria, kule Kano na Zaria, umeonekana kwa karibu mwanamke 1 katika kila vizazi 100. Haiti, 1 katika 300. Zaria vilinyooshewa kidole uji wa magadi na kitanda cha udongo kinachopashwa moto siku arobaini za uzazi. Mila zichunguzwe, sikatai. Lakini nimechoka kusikia uji ukishtakiwa, huku zahanati inayomrudisha mgonjwa nyumbani na dawa ya kikohozi haiulizwi kitu.

Wala msinijibu habari ya mashine. Kipimo cha moyo kiitwacho eko kiko mbali na nauli yake ni ya kuuza mbuzi. Hilo ni deni la serikali, ilipe. Lakini kuuliza "Unalalia mito mingapi?" kunagharimu nini? Kubonyeza kifundo cha mguu uone kama kidole kinaacha shimo? Vidonge vya kutoa maji mwilini ni vya bei ndogo, vimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Wakiwahiwa, wengi moyo wao hurudi.

Na akipona aambiwe ukweli, yeye, mumewe na mama mkwe anayehesabu wajukuu: asishike mimba nyingine kabla moyo haujapimwa, maana usiporudi sawasawa, mimba hiyo yaweza kumuua. Apewe uzazi wa mpango unaomfaa siku hiyohiyo, kabla hajambeba mtoto mgongoni kuondoka.

Jumatatu mizani itatundikwa tena. Muuguzi, kabla hujaita jina la mtoto, mwulize mama yake amelalaje, na safari hii usubiri jibu.