MOTOKAA GANI HUKUMBUKWA, NA KWA NINI?

Ndugu wafanyi kazi,

Hapa Kiwanjani vijana hubishana kila jioni juu ya motokaa iliyo bora, nao hupima kwa mbio tu. Mimi nasema mbio peke yake hazileti sifa ya kudumu. Ushahidi tunao katika mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth.

Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika 7 tu. Mwaka 1968, kwa mvua na matope, yakafika 7 tena. Mara zote mbili la kwanza lilikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Katikati, mwaka 1966 na 1967, Bert Shankland na Chris Rothwell wa Tanzania walishinda kwa 404 vilevile. Basi mtu aliyeiona ikitoka matopeni siku ya Pasaka aliiona 404 nyingine stendini baada ya sikukuu, imejaza abiria na mizigo juu. Fundi wa mjini aliweza kuifungua na kuifunga. Ndiyo maana jina lake halijafa.

Lakini mwaka 1969 Ford Taunus 20M ilishinda Safari hiyohiyo. Waulizeni wazee kumi kama wanaikumbuka! Ilishinda kweli, ila haikuwa gari la stendi zetu. Nayo Porsche 911, inayosifiwa dunia nzima, ilikuwa ya pili mwaka 1974 na tena 1978. Sifa yake imetoka Ulaya, si kwetu.

Wala msidhani fedha ndiyo kila kitu. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mwaka 1965 pamoja na nduguye Jaswant kwa Volvo PV544 ambayo ilikuwa imekwisha kutumika mashindanoni kabla yeye hajaipata. Gari kuukuu! Lakini Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva, mtu wa spana kama sisi, na naamini mikono yake ilisikia ugonjwa wa gari mapema kuliko masikio ya wengine.

Hapa ndipo penye uchungu wangu. Shekhar Mehta alishinda mara tano kwa Datsun, mwaka 1973 na kisha mfululizo 1979 hadi 1982. Jina lake twalijua, na jina la gari twalijua. Je, waliolala chini ya gari usiku, matope yakiwadondokea usoni, wanabadilisha springi kwa dakika chache, ni akina nani? Hata sisi wa reli ni vivyo hivyo. Vichwa vya Garratt vya aina ya 59 vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, yakaandikwa ubavuni. Hakuna ubavu ulioandikwa jina la fundi.

Wapo wazee huku kwetu waliozitunza Land Rover za njia ya Marsabit na Moyale kabla ya lami. Wanapungua kila mwaka. Mwanachama yeyote mwenye baba au mjomba aliyefanya kazi hiyo, au aliyefuata Safari na sanduku la spana, aandike jina lake, mwaka na gari alilolitengeneza, ampe katibu wa tawi kabla ya mkutano ujao. Nimekwisha kuandika majina manne.

Mfanyi kazi wa Reli,
Kiwanjani, Isiolo