Geti la Umeme Likigoma, Usikubali Macho Yake Yazimwe

Leo tuache programu kidogo tuzungumzie mageti ya umeme. Huku Gatongora, geti likigoma tu, jibu la mafundi wengi ni moja: bodi imeungua. Imeungua kwa kipimo gani, na mita haijatoka mkobani?

Mimi hula kwa kuandika programu, na kwetu anayebadilisha vitu bila kupima ni mpiga ramli. Soma dalili kwanza. Mota inanguruma lakini haizunguki? Zima stima, ilegeze kwa ufunguo wake, kisha sukuma geti kwa mkono. Likiteleza vizuri, mshukiwa wa kwanza ni kapasita, ambayo bei yake haikaribii ya bodi. (Usiiguse wewe, hubaki na chaji hata stima ikizimwa.) Rimoti inakubali ukiwa karibu tu? Badilisha betri kabla hujampigia mtu simu. Bodi huungua kweli, sikatai, hasa stima inaporudi kwa kishindo baada ya kupotea.

Linalonikera ni geti linalofunguka na kukataa kufunga. Mara nyingi shida ni yale macho mawili ya nguzoni: moja hutuma mwali usioonekana, jingine hupokea. Mwali ukikatika, bodi haifungi geti. Vumbi la murram, utando wa buibui au nguzo iliyogongwa na gari vinatosha kabisa kuukata. Dawa ni kitambaa, na kuyaelekeza macho upya. Lakini fundi mwenye haraka huunganisha kipande cha waya kwenye bodi ili idhani njia iko wazi siku zote. Geti linafunga, fundi analipwa, mwenye nyumba anashukuru. Na sasa chuma cha mamia ya kilo hakimwoni mtoto anayekimbilia mpira!

Huko ni kama kufuta jaribio la programu kwa sababu linafeli. Marekani, sheria inataka kila mota ya mlango wa gereji iliyotengenezwa tangu 1993 iwe na kinga ya kutombana mtu, maana watoto walikuwa wamekufa. Sisi tunainunua kinga hiyo, halafu tunamlipa mtu aizime.

Jioni ukifika nyumbani, geti likiwa linafunga, simama kando upitishe ufagio mbele ya macho hayo. Lisiposimama wala kurudi nyuma, mwite fundi wako, na umwambie aje na mita.