UFUO WA MANDA UNA WENYEWE: NI SISI SOTE



Malalamiko yametufikia kutoka kwa manahodha wa mashua na wavuvi wa Manda. Mtu akisogeza chombo ufuoni kungoja abiria, au akikilaza ili akipake sifa, huja mlinzi akamwambia, "Ondoka, hapa pana mwenyewe."

Yafaa tuulize: mwenyewe ni nani? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 62, yajibu wazi. Ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Serikali ya taifa imeishika kwa amana ya wananchi, na Tume ya Taifa ya Ardhi ndiyo iisimamiayo. Tena kanuni za upimaji za mwaka 1994 zasema ardhi ya serikali iliyo pwani ikipimwa ili igawiwe, kwa kawaida uachwe ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji kujaa. Mwenye hati ana haki ya kiwanja chake, lakini mchanga unaofunikwa na maji si kiwanja chake.

Hatuwapigi vita wenye hoteli wala wenye majumba ya Ras Kitau. Wengi wetu twapata riziki kwao: wapishi, waashi, watunza bustani, na ndugu zetu wa Maweni wachongao mawe. Lakini kazi hiyo yenyewe yapita ufuoni. Uwanja wa ndege uko Manda, na mji wa Lamu uko ng'ambo ya mkondo. Mgeni, mfuko wa saruji na pipa la maji havivuki ila kwa chombo. Ukifunga ufuo, umefunga mlango wa kazi.

Iko na hasara nyingine. Ukuta ukijengwa karibu mno na bahari, wimbi huupiga likarudi na mchanga. Huliwa ufuo wa jirani, kisha msingi wa ukuta wenyewe.

Wengine husema, "Sisi wanyonge tutafanya nini?" Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi, katika kesi ya bandari ya Lamu, iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Malipo yalikawia, lakini hukumu ilipatikana kwa sababu watu walisimama pamoja.

Twataka mambo matatu. Kwanza, njia za kushukia baharini zichorwe katika ramani kabla ya kibali cha kujenga kutolewa. Pili, alama ya maji kujaa ipimwe wakati wa bamvua, wazee wa bahari wakiwapo, si siku za maji mafu. Tatu, mipango isomwe hadharani kwa Kiswahili, Lamu, Shela na Manda.

Mwanachama akifukuzwa ufuoni asigombane. Aandike siku, saa na mahali, amletee katibu wa tawi. Kamba hukatikia pabovu; pabovu pasiwe kwetu.