Mlango wa Chuo Hufungwa Kidato cha Tatu

Wazazi wengi wa Mlangali, wilayani Ludewa, humwuliza kijana wao anataka kuwa nani pale matokeo ya Kidato cha Nne yanapotangazwa. Swali ni jema, lakini limechelewa kwa miaka miwili.

Ndugu wazazi, vyuo vyetu kwa kawaida havimwiti mwombaji kufanya mtihani wa kuingilia, kama ilivyo desturi ya baadhi ya nchi za ng'ambo. Hutazama matokeo ya Baraza la Mitihani, nayo yahusu masomo yale tu aliyobaki nayo mtoto.

Chukueni uuguzi, kazi ambayo sidhani kama iko kaya huko milimani isiyoitamani. Mhitimu wa Kidato cha Nne anayeomba uuguzi au utabibu lazima awe amefaulu masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Alama ya D huhesabiwa kuwa amefaulu, ingawa wenye alama za juu ndio hutangulia. Lakini kwa miaka mingi shule zetu zimemruhusu mwanafunzi kuacha Fizikia na Kemia aingiapo Kidato cha Tatu. Binti huiacha Fizikia kwa kuwa mwalimu ni mkali, au kwa kuwa rafiki yake wa dawati kaiacha, na nyumbani hakuna mwenye habari. Ile D aliyoikimbia ndiyo itakayomzuia.

Kisha, kabla ya mtihani wa Kidato cha Nne, hujaza fomu ya tahasusi na vyuo avitakavyo. Matokeo yakitoka hupewa muda wa kubadilisha. Ombeni kuiona fomu hiyo. Wengine huijaza kwa kunakili ya jirani.

Wakubwa wetu watakumbuka Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililomtaka kijana wa Kidato cha Sita afanye kazi kwanza ndipo aende Chuo Kikuu. Walikuwapo walionung'unika, lakini muda wa kutafakari waliupata. Leo mtihani hufanyika Mei, na maombi ya vyuo na mikopo hufuata baada ya miezi michache tu.

Kwa upande wa mikopo, Bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 hudai cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na kwa yatima, cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa vilevile. Mkoa wa Njombe umepoteza wazazi wengi kwa UKIMWI, na wengine walifia nyumbani bila kuandikishwa popote. Bibi anayelea mjukuu yatima aliye Kidato cha Tatu na aulizie vyeti hivyo kwenye ofisi ya wilaya, Ludewa, mwaka huu huu, mara viazi vikishauzwa na nauli ikipatikana.