Hofu ya Mtoto Si Aibu



Likizo ya Disemba 2010 tulialikwa Abu Dhabi na ami yao watoto, afanyaye kazi huko. Tangu tiketi zilipokatwa, kijana wetu wa miaka 12 hakuwa na mazungumzo mengine ila rolakosta ya Formula Rossa, iliyofunguliwa Novemba 2010 katika bustani ya michezo ya Ferrari World. Kila jioni alituhesabia: kasi ya kilomita 240 kwa saa, ifikiwayo kwa takriban sekunde tano, reli ipitayo kilomita mbili, kilele cha mita 52. Dada yake mkubwa alimsikiliza kimya.

Sisi tumezoea bembea za Makadara siku ya Idi. Hiki ni kitu kingine. Gari lenye sura ya gari la mashindano husukumwa na mtambo ufananao na ule urushao ndege kutoka juu ya manowari. Abiria huvikwa miwani, maana kwa kasi ile punje ya mchanga ni sindano ya jicho. Nasi mitandio tuliikaza, ncha tukazitia ndani ya nguo.

Zamu yetu ilipokaribia, kijana akatushika mkono. "Mama, mimi sitaki."

Ami yake akacheka. "Mwanamume mzima! Dada yako je?"

Twakiri kwamba nasi tulitaka kumshurutisha, kwa kuwa pesa zilikwisha lipwa na foleni ilikuwa ndefu. Kisha tukaona midomo inavyomtetemeka. Tukamwambia abaki na ami yake, tutamkuta papo hapo.

Tukapanda sisi na binti. Gari lilipochomoka, migongo iliganda kitini, machozi yakatutoka ndani ya miwani, na shahada tuliyoianza hatukuwahi kuimaliza kabla ya kufika kileleni. Dakika mbili hazikutimia, tukawa tumerudi. Binti yetu mkimya alikuwa akicheka hata pumzi zikampaa.

Usiku, wakati wa kulala, kijana akauliza kwa sauti ndogo: "Nyinyi hamkuogopa?"

Tukamjibu kweli: tuliogopa mno. Uso wake ukakunjuka, akalala.

Akina mama wenzetu, tumelifikiri jambo hili tangu siku ile. Mtoto achekwaye kwa hofu ya mchezo hujifunza kuificha hofu. Na ipo siku itamjia hofu isiyo ya mchezo: mtu amtishaye njiani, au mkono wa mkubwa usio na heima. Siku hiyo twataka aje kwetu aseme "sitaki" bila kuchelea kicheko. Basi neno hilo tulipokee tangu sasa, lingali dogo, hata kama limetugharimu tiketi.

Wabillahi tawfiq.